Kigoda cha Farasi Aliyechechemea

Tumemzika Sechelela juzi, kijijini kwake, ukishapita Mpunguzi kuelekea Mtera, na tangu nirudi mjini Dodoma sijashika kazi yoyote. Nimekaa barazani, miguu nimeinyoosha, uji umepoa mbele yangu. Jirani aliyekuja kunipa pole aliniuliza, "Kwani marehemu alikuwa nani wako?" Ndugu yangu hakuwa. Yeye Mgogo, Mkristo, mtoto wa wafugaji. Mimi nimetoka Tanga na kanga zangu na udi wangu. Tulikaa chumba kimoja mwaka mmoja tu, mwaka ule wa mgao wa umeme, vyama vingi vikiwa bado vipya na mitumba ndiyo imeanza kumwagwa barabarani. Baada ya hapo tulikuwa watu wa kuonana kwenye misiba na harusi, basi. Lakini nimezika ndugu wa damu, nikarudi, nikala, nikalala. Huyu amenitoa nguvu mwili mzima. Nikamwambia jirani, "Alikuwa mwenzangu." Akaitikia kwa kichwa, akamaliza chai yake, akaenda zake.

Habari za kwetu, nani alinizaa na nilisoma wapi, nitaziruka. Zinachosha, na mimi nimeshachoka. Inatosha kusema kwamba nilikuwa mpiga chapa kwenye shirika moja la umma, na mwaka ule shirika likapunguza watu. Neno hilo la kupunguzwa lilizunguka mjini kama surua: leo unasikia limeingia kwa jirani, kesho liko kwako. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nauli ya kurudi Tanga ninayo, uso wa kurudi nao sina. Nikapata chumba Majengo, nyuma ya maduka ya nafaka, kwa Bi Mwanaidi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mnadani. Kusema kweli kilikuwa nusu chumba, maana katikati alikata kwa mbao za makasha, na upande wa pili akalala mwenyewe na magunia yake ya karanga. Kila kitu mle kilinuka karanga mbichi na vumbi la mtama, hata mto wa kulalia, hata chumvi. Kitanda kilikuwa kimoja, na siku naingia kilikuwa na mtu amelala amegeukia ukutani. "Huyo ni Sechelela," Bi Mwanaidi akaniambia, bila kupunguza sauti. "Mjane. Mchapakazi, na hakoromi. Mtapatana." Yule mtu akageuka, akanitazama, akasogea kunipisha nafasi. Hatukuzungumza mpaka jioni.

Yeye alikuwa mama ntilie. Kila asubuhi alibeba sufuria zake mpaka kwenye banda la Fundi Ndahani, karibu na reli, akawapikia mafundi ugali wa uwele na mlenda. Mimi mlenda sikuwa naujua. Siku ya kwanza niliuvuta kwa tonge ukanifuata mpaka kidevuni, nikaona bora nife njaa. Sechelela alinitazama nikihangaika, akasema taratibu, "Usiuvute, dada. Ukate kwa kidole." Akanionyesha. Mwisho wa wiki nilikuwa naulamba mpaka kwenye kiganja. Alikuwa mwembamba, mweusi sana, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na alizungumza Kiswahili kwa kukitafuta, neno moja baada ya jingine. Alikuwa na binti mdogo, Nyemo, aliyemwacha kijijini kwa mama mkwe. Jina la mtoto alilitaja kila siku, wakati wa kula, hata kama hakuna aliyemwuliza. "Nyemo anapenda ukoko," atasema, kisha anaukwangua na kuuweka pembeni ya sahani, na mwisho wa yote anaula mwenyewe. Mimi nilikuwa natazama kando.

Ni yeye aliyenipeleka kwa fundi. Ndahani alikuwa mtu wa tumbo na maneno mengi, mwenye mashine moja ya kuchomelea iliyonguruma kama paka mgonjwa, na banda la mabati lisilo na ukuta. Mwaka ule alikuwa amefanya biashara ambayo mji mzima ulimcheka. Alikwenda upande wa Kongwa, ambako shamba moja la mifugo la enzi za mkoloni lilikuwa linauzwa na stoo yake inasafishwa, akitaka mabati. Wakamwambia mali haichambuliwi, chukua yote au acha. Akarudi juu ya lori la mahindi kutoka Kibaigwa, ana mabati machache na magunia kwa magunia ya viatu vya farasi. Wazungu wa shamba lile walikuwa wakichunga ng'ombe kwa farasi, na inaelekea kila kiatu kilichovuliwa mguuni kilitupwa stoo. Watu walikuja kuviangalia kama wanatazama mzoga wa nyoka. Mzee mmoja muuza zabibu alikigeuza kiatu mkononi, akaona matundu ya misumari, akauliza, "Sasa huyu mnyama walikuwa wanampigilia misumari mguuni?" Fundi akasema ndiyo. "Na yeye anatulia tu?" Fundi hakujua. Hakuna aliyejua, maana pale bandani hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona farasi kwa macho yake, labda kwenye picha. Mzee akakirudisha kiatu guniani, akanawa mikono.

Lakini chuma ni chuma, na mwaka ule chuma kilikuwa ghali. Ndahani akaanza kuviunganisha. Alitoa viti vya baraza, migongo yake viatu vimepangwa kama magamba ya samaki. Akatoa miguu ya meza, vinara vya kanisani, lango lenye mzabibu ambao majani yake yote ni viatu. Vilikuwa vizuri, asikwambie mtu. Wageni wanaokuja kwenye vikao wakaanza kuviulizia, na mwenye nyumba moja ya wageni akaagiza viti vya baraza nzima pamoja na farasi mmoja mkubwa wa kusimama mlangoni. Farasi ndiye aliyemtoa fundi jasho. Alichora chini kwa mkaa, akafuta, akachora. Akachomelea mifupa ya nondo, akaivika viatu kuanzia kwato mpaka shingoni, na alipomaliza sote tukasogea kumtazama. Masikio marefu, kichwa kikubwa, tumbo limening'inia, macho ya huruma. Alikuwa punda. Punda mwenyewe kabisa, wa kubeba madumu ya maji, kwa sababu ndiye mnyama tuliyemjua. Fundi akajikuna kichwa, akasema, "Farasi ni ndugu yake huyu. Watamzoea." Mwenye nyumba ya wageni alikuja, akamzunguka mara kadhaa, akasema hajawahi kuona farasi mzuri namna ile. Nadhani mpaka leo yupo hapo mlangoni, watoto wanampanda.

Kazi yangu ilikuwa kupiga brashi ya waya. Unakaa juu ya debe, unachukua kiatu, unasugua kutu mpaka chuma kiwe cheupe, unakitupa upande ule, unachukua kingine. Kifua kilijaa kutu. Nikipenga kamasi inatoka nyekundu. Kucha zangu za kupigia chapa zilikwisha wiki ya kwanza, na jioni nikifika chumbani nilikuwa nalala na viatu miguuni kama hao farasi. Sechelela akishaosha vyombo alikuja kunisaidia, na hapo ndipo alipoanza tabia yake iliyomkera fundi. Hakuvitupa kwenye rundo moja. Alivitazama kwanza, akavipapasa kwa kidole gumba mahali vilipolika, akaviweka mafungu mafungu. "Hivi vya mmoja," akasema. "Huyu alikanyagia ndani. Huyu mzito. Huyu mguu wake wa kushoto wa mbele una shida, anauvuta." Alikulia nyuma ya ng'ombe, akitazama nyayo tangu ana miaka sita, na kwake lile lilikuwa jambo la kawaida kama mimi kusoma herufi. Tatizo ni kwamba alitaka kila kiti kitokane na farasi mmoja. Alisema si vizuri kuchanganya miguu ya wanyama wasiojuana. Ndahani akamwambia, "Mama Nyemo, hao farasi wamekufa. Hawatakuja kudai viatu vyao." Sechelela akaitikia, "Ndiyo, fundi," akaendelea kupanga mafungu yake. Fundi akaguna, akamwacha. Baadaye nilimsikia akimweleza mteja kwamba kila kiti chake kimetoka kwa farasi mmoja, na kwamba huo ni utaratibu wake yeye tangu zamani.

Kuchomelea alijifunza kwa bahati. Msaidizi wa fundi aliamka siku moja akasema anakwenda Mererani kutafuta tanzanite, na tangu siku hiyo hatukumwona. Umeme nao ulikuwa ukija unavyotaka. Maji ya bwawa la Mtera yameshuka, walikuwa wakisema redioni, na sisi tukakaa juu ya madebe tukisubiri maji ya Mtera kama wakulima. Umeme ukirudi kila mtu anakurupuka. Mwenye tonge mdomoni analitema. Siku moja ulirudi wakati fundi amekwenda sokoni, na Sechelela akaacha mwiko kwenye sufuria, akachukua kioo cheusi, akainama, akachomelea mguu wa kiti uliokuwa unasubiri. Fundi alirudi akakuta ugali umeungua na mguu umeshika. Aliugonga kwa nyundo upande huu, akaugonga upande ule. Akasema, "Kesho tutafute mtu mwingine wa kupika." Nikawa mimi. Sikuwa mpishi mzuri, na waliniambia kila siku.

Sasa nifike kwenye lile jambo lenyewe. Nililisikia nikiwa nimelala kama kipofu. Nilikuwa nimezubaa kumtazama Sechelela anapochomelea, bila kioo, kwa ujinga wa kupenda mwanga ule wa samawati, na kufika jioni macho yangu yalijaa mchanga wa moto. Aliyeungua macho kwa mashine hahitaji kuelezwa. Sechelela alinikatia vipande vya kiazi kibichi, akaniwekea juu ya kope, akanifunga kitambaa, akatoka kuchota maji. Nikawa nimelala hivyo, machozi na maji ya kiazi yanashuka masikioni, nikasikia upande wa pili wa mbao Bi Mwanaidi anaongea na mgeni. Mgeni alikuwa shangazi yake Sechelela, aliyekuja na kuku kutoka kijijini.

"Mwaka wa msiba unakwisha," shangazi akasema. "Oktoba wanamaliza tanga. Mdogo wa marehemu mumewe ndiye atakayemrithi."

"Na mwenyewe anataka?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Nani amemwuliza?"

Nikasikia karanga zinamenywa. Kisha shangazi akaeleza desturi ya ukoo ule, ukoo wa marehemu, maana koo nyingine hazina. Siku ya kumaliza tanga mjane hupewa kigoda cha mumewe, akakiweke mbele ya mwanamume anayemkubali. Huyo akikikalia, basi, nyumba ni yake, mke ni wake, na watoto. Mjane asipokiweka mbele ya mtu yeyote, anarudi kwao mikono mitupu, na mtoto anabaki. "Lakini ipo njia nyingine," shangazi akasema. "Bibi yangu aliwahi kuniambia. Mjane akiwa na kigoda chake mwenyewe, ambacho hakijakaliwa na mwanamume wala hakikutengenezwa na mkono wa mwanamume, anaweza kukikalia pale pale, mbele ya yule anayetaka kurithi. Wanakaa wote wawili wakitazamana. Atakayesimama kwanza ndiye ameshindwa. Akisimama mwanamume, mjane anabaki na nyumba yake na mtoto wake, na hakuna atakayemgusa tena."

"Umewahi kuona?"

"Wapi nitaona? Wanaochonga vigoda si wanaume?"

Bi Mwanaidi akacheka kidogo, kicheko cha puani. Na mimi nilikuwa nimeshaketi kitandani, vipande vya viazi vimeniangukia mapajani. Sechelela aliporudi na ndoo nilimwambia yote, yeye akiwa bado mlangoni. Kumbe alikuwa anajua. Alikuwa akijua tangu alipochomelea mguu wa kwanza wa kiti. "Kwani ulidhani nimeacha sufuria kwa sababu gani?" akaniuliza. Akanirudisha kulala, akakata kiazi kingine.

Kigoda alikitengeneza mwenyewe, kwa wiki nyingi, kila fundi alipokwenda kula. Ndahani alijua, akawa anakula taratibu. Hakukigusa hata kwa kukisogeza. Akitaka kupita alizunguka. Sechelela alichagua viatu vya yule farasi wa mguu wa kushoto, aliyeuvuta. Nilimwambia, "Wewe, mbona unachukua kilema? Chagua yule mzito." Akasema huyu alifanya kazi miaka mingi anachechemea, tazama viatu vyake vilivyo vingi, na hawakumwua. Vigoda vya wanaume vina miguu mitatu. Yeye akaweka minne. Kiti cha juu akakipanga kwa viatu, ncha kwa ncha, akazijaza nafasi kwa misumari ya zamani iliyotoka kwenye matundu yale yale. Nilishauri tuwambe ngozi ya ng'ombe juu yake, akakataa: ng'ombe ni wa wanaume, watapata neno la kusema. Kwa hiyo kikabaki chuma kitupu. Nikakipaka rangi nyeusi, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Tuliwaza kila kitu, jamani. Tuliwaza miguu, tuliwaza ngozi, tuliwaza kama mama mkwe atasema kiatu cha mnyama asiyejulikana kina mikosi. Na kilikuwa kizuri. Chini ya lile banda la mabati, kwenye kivuli, kiliwaka kama sufuria mpya. Nikikumbuka sasa najiuliza tulikuwa na akili gani, watu watatu wazima wanaoshika chuma kila siku.

Yule shemeji, Mathayo, alikuja mjini wiki mbili kabla ya siku ya kumaliza tanga. Nilikuwa nimeshamchukia kabla sijamwona, nikamtengenezea sura ya simba. Akaingia kijana mrefu, mwenye aibu, amebeba samaki wakavu wa Mtera kwenye gazeti, maana alikuwa akivua na kuuza huko. Alikuwa na mke wake tayari. Sechelela akampikia samaki wale kwa karanga, tukakaa watatu juu ya mkeka, tukala. Kigoda kilikuwa pembeni, kimefunikwa kanga. Mathayo akakitazama kile kichuguu cha kanga, akasema, "Shemeji, nimesikia unalotaka kufanya."

"Ndiyo, shemeji."

"Mimi sikuomba jambo hili. Baba mdogo ndiye anayesema nyumba ya kaka isife." Akanawa. "Lakini nikishakaa pale sitasimama. Wakiniona nimesimama watasema nimeshindwa na mwanamke, na mimi naishi na watu."

"Kaa tu, shemeji," Sechelela akasema. "Na mimi nitakaa." Akamwongezea ugali. Naye akala, akashukuru, akaaga kwa heshima zote, mpaka nikakasirika. Ni vigumu kumchukia mtu aliyekuletea samaki, na mimi nilihitaji kumchukia mtu.

Oktoba ya Dodoma anayeijua anaijua. Mvua bado, upepo umekauka, mbuzi wanatafuta kivuli cha nguzo. Tulifika jioni ya kuamkia siku yenyewe, Sechelela, mimi na Bi Mwanaidi na kigoda juu ya gari la mizigo, na asubuhi tukaamkiwa kwa Kigogo, "mbukwenyi," kutoka kila upande, watu wakija kwa miguu na pombe ya mtama ikipozwa kwenye vibuyu. Nyemo alikuja akamshika mama yake kanga, hakuiachia mpaka walipomwondoa wakanipa mimi. Uwanja ulikuwa mbele ya tembe. Wazee wakakaa ukutani, mahali ukingo wa paa unapotoa kivuli, na Mathayo pamoja nao juu ya kigoda cha mti. Mjane akaelekezwa akae katikati ya uwanja. Sechelela akakiweka kigoda chake, akakaa, akanyoosha mgongo. Minong'ono ikapita. Baba mdogo, mzee mkavu mwenye fimbo, akakisogelea, akakigonga kwa fimbo, kikalia.

"Hiki kimetengenezwa na nani?"

"Na mimi, baba."

"Kwa mnyama gani?"

"Farasi."

Mzee akawageukia wenzake. Wakashauriana kwa Kigogo. Akarudi akasema, "Hatumjui farasi. Lakini hatuna neno juu yake. Kaa."

Saa za asubuhi zilikwenda vizuri. Nilijidanganya kwamba tumeshinda. Kisha jua likapanda juu ya paa, na nikaona Sechelela anahamisha uzito kutoka upande huu kwenda upande ule, kidogo tu. Muda ukapita, akahamisha tena. Hapo ndipo nilipoelewa tulichokifanya. Kigoda cha mti kikikaa juani kinapata joto. Chuma cheusi kinapika. Nilikuwa nimeketi na wanawake kando ya jiko, na nikanyoosha mkono nikagusa mfuniko wa sufuria uliokuwa juani, nikautoa haraka. Kanga aliyovaa ilikuwa moja, nyepesi, ya msiba. Shangazi naye akaona. Akainuka na kanga yake iliyokunjwa, akajifanya anapita kumpelekea maji, akataka kuisukuma chini yake. Baba mdogo akasema, bila ukali, "Kiti ni kiti. Akikalie kama kilivyo." Shangazi akarudi na kanga yake, akakaa, akafunika uso. Maji Sechelela aliyanywa. Niliomba moyoni angalau amwage kidogo miguuni, lakini aliyanywa yote akarudisha kibuyu kwa mikono miwili.

Siwezi kueleza mchana ule ulivyokuwa mrefu. Wazee walikula. Wali, nyama ya mbuzi, pombe. Walikula taratibu sana, na hawakuwa watu wabaya, nataka niseme hivyo. Walikuwa wamekaa kivulini tu, na anayekaa kivulini hana haraka. Sechelela aliacha kuhama. Nilielewa kwamba kila akihama anagusa mahali papya, kwa hiyo ameamua paungue palipokwisha kuungua. Jasho lilimtoka kwanza, halafu likakoma, na midomo ikawa ya majivu. Bi Mwanaidi, yule mwanamke wa sauti ya mnadani, alikuwa analia bila sauti. Mimi nilikuwa nimemkasirikia Sechelela. Nilitaka asimame. Nilitaka kumpigia kelele, simama wewe mwanamke, twende mjini, tutazaa watoto wengine, dunia kubwa hii. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikuwa na mtoto, na nilidhani hilo ni jambo linaloweza kusemwa.

Mathayo hakula. Hilo nililiona mapema, sahani yake ipo chini, nzi juu yake. Alikuwa anamtazama Sechelela kama desturi inavyotaka, uso kwa uso, na yeye Sechelela anamtazama, na baina yao ule uwanja mweupe. Mara akawa hamtazami usoni tena, anatazama chini ya kigoda, kwenye mguu wa kushoto wa Sechelela, ambako kanga ilikuwa imepanda na ngozi inagusana na chuma. Baba mdogo alikuwa anasimulia jambo, wazee wanacheka. Mathayo akasimama.

Kicheko kikakatika. Alitoka kivulini, akavuka uwanja, nikafikiri anakwenda kumvuta mkono, nikainuka na mimi. Hakumgusa. Alimzunguka, akasimama nyuma yake upande ambao jua linampigia, akapanua mabega, kivuli chake kikamwangukia mgongoni na kichwani.

"Mathayo," baba mdogo akaita. "Umesimama."

"Nimesimama, baba."

"Watu wote wamekuona."

"Wanione."

Mzee akabaki na fimbo yake mkononi. Mtoto Nyemo akaniponyoka mikononi, akakimbia kwa mama yake, na Sechelela hakuinuka, kwa sababu nadhani hakuweza. Aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Kisha akageuza shingo, polepole, akamtazama yule kijana aliyesimama juani kwa ajili yake, na sauti yake ilitoka kavu lakini ya kawaida kabisa, kama anayemwomba mtu ampishe njia.

"Shemeji," akasema, "sogea kidogo kushoto. Mguu huu bado jua linaupata."

Akasogea.